Mkono wa Nabwire Uliobaki Malaba

Niliondoka Nairobi kwa sababu Mzee Wandera alinipigia simu na hakunisalimu. Huyu ndiye aliyenifundisha kusubu sanamu za shaba, na hata akitaka kukugombeza huanza kwa kuuliza watu wa nyumbani wameamkaje. Siku hiyo alisema tu, "Wamemkata Nabwire. Njoo twende Malaba." Nikawaachia wanafunzi wangu karakana, nikatia nguo mbili kwenye mkoba, nikapanda basi la alfajiri.

Nabwire alikuwa mke wake. Mto Nzoia ulipofurika ulimchukua huko kwao Rukala pamoja na nyumba, ng'ombe na kila picha iliyokuwa ukutani. Mwili haukupatikana. Kwao, mtu akipotea hivyo, ukoo hukata shina la mgomba, hulivisha shuka na kulizika mahali pake, nalo huliliwa kama maiti yenyewe ili walio hai wapate pa kulilia. Mzee alikataa katakata. Alisema hawezi kuzika mti wa ndizi na kuuita mke wake. Wakati huohuo chama cha madereva wa malori kilikuwa kimemwagiza sanamu ya kuwakumbuka wenzao waliofia njiani: mama anayesubiri kando ya barabara, mkono mmoja ameunyoosha mbele. Mzee akampa mama huyo uso wa Nabwire, naye akasimamishwa Malaba, mpakani na Uganda. Hapakuwa na uso mwingine wa mke wake uliobaki duniani, na sasa ndio huo ulioibwa.

Busia niliingia alasiri. Mzee alikuwa amesimama katikati ya wabadilisha fedha kama mtu aliyesahau alichofuata. Nilidhani tutakwenda Malaba moja kwa moja, lakini alitaka kwanza kuona kama kazi zake nyingine bado zipo. Tukaanzia karibu na soko, kwa mwanamke wa shaba mwenye beseni la samaki kichwani. Vijana wa bodaboda walikuwa wamemtundikia helmeti mkononi.

"Mzee, huyu haendi mahali," mmoja akamwambia. "Huyu ni wetu. Anatuwekea helmeti na haombi chai."

Mzee hakucheka. Alimgonga yule mwanamke mgongoni kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaondoka.

Kwenye barabara ya Alupe tulimkuta babu wa shaba ameketi kwenye kigoda, vidole vyake vimeliwa na ukoma. Naijua hadithi ya babu huyo. Kamati ya hospitali ya ukoma ya hapo, iliyoagiza sanamu, ilitaka vidole vitimie, watu wasitishike. Mzee aliwajibu kwamba yeye si daktari, hawezi kumwotesha mtu vidole. Nilikuwa mwanafunzi wake wakati huo, na jibu lile lilinifanya nimwamini kwa kila kitu.

Tulikaa pale kwenye nyasi, akanisimulia mambo ambayo sikuwahi kumuuliza. Kazi alijifunzia Uganda ujanani, katika karakana ya vipuri vya mashine za pamba. Akarudi nyumbani, akawa anaziba sufuria za watu, na siku moja akamfinyanga mama yake kwa nta kwa kuwa mvua ilimfungia ndani na hakuwa na la kufanya. Nilimuuliza kama mama alipendezwa. "Aliniambia nimemfanya mzee," akasema.

Malaba tulifika kesho yake asubuhi. Foleni ya malori ilikuwa ndefu hadi nikachoka kuitazama, moshi wa dizeli umelala juu ya vibanda. Tulipoliona jukwaa la saruji nilimshika Mzee mkono bila kukusudia. Juu yake kulikuwa na nyayo mbili za shaba, zimekatwa kwenye vifundo vya miguu. Hakukuwa na kingine.

Dereva mmoja aliteremka kwenye lori lake na kuja kwetu. Alikuwa mtu mzima, mwenye sauti ya pwani, na alivua kofia.

"Mzee wangu, sisi madereva tulikuwa hatuvuki bila kumshika mkono huyu mama," akasema. "Siku ile wamekuja watu na grainda na jenereta, mchana kweupe. Wamevaa zile reflekta. Wakasema anapelekwa kusafishwa, atarudi."

"Na nyinyi mkawaangalia tu?" nikamuuliza. Hasira ilikuwa imenipanda.

"Dada, hatukuangalia. Tulisaidia kubeba. Mimi na taniboi wangu tulishika huku mabegani. Tulikuwa tunawaambia pole pole, msimkwaruze uso."

Mzee alimwambia asante, na nadhani alimaanisha, kwa ajili ya lile pole pole.

Dereva ndiye aliyetuelekeza kwa Mama Amoit, mnunuzi wa vyuma chakavu nyuma ya kiwanja cha malori. Uani kwake mlikuwa na redieta, masufuria yaliyopondwa na vitasa vya milango. Alipomwona Mzee alisimama haraka. Wanafahamiana. Kwa miaka mingi Mzee alinunua shaba yake hapohapo.

"Nilijua utakuja," akasema. "Waliniletea vipande kwa gunia. Mzee, naapa, mimi nilijua ni huyo mama wa barabara wakati nishalipa."

"Kichwa kiko wapi?"

"Kimevuka. Vyote vimevuka siku ileile. Huko wanayeyusha, wanafanya kufuli na mabomba ya maji. Hakuna kitu utapata."

"Ungenipigia simu," Mzee akasema kwa sauti ya chini. "Amoit, ungenipigia simu tu."

Mama Amoit alijifuta uso kwa khanga. "Mzee, wewe umenunua kwangu kufuli na mabomba hadi nikasomesha watoto. Hata siku moja uliniuliza yametoka kwa mlango wa nani?"

Nilitaka kumkatiza, lakini Mzee alitikisa kichwa. Mama Amoit akaingia ndani, akarudi na kitu kilichofungwa kwa khanga kuukuu. Ulikuwa mkono wa kulia. Viganja vya madereva vilikuwa vimeusugua hadi ukang'aa kama sufuria mpya. Aliogopa kuuuza, akasema, kwa sababu na yeye alikuwa akiushika kila asubuhi akienda kazini.

Mzee aliupokea, akaketi juu ya tairi. Nikachuchumaa mbele yake, nikamwambia maneno ambayo niliyaona ya busara: tutafinyanga nta upya, tutasubu tena, karakana yangu ni yake, nitatafuta shaba.

"Kwa kalibu gani?" akauliza.

Kila afanyaye kazi hii anajua. Unafinyanga mtu kwa nta, unamfunika udongo, moto unaitoa nta, shaba inaingia mahali pake, kisha unauvunja udongo. Hakibaki kitu cha kurudia ila kile ulichonacho kichwani.

"Mwanangu," akasema, "nikifunga macho sasa namwona huyu wa Malaba. Yule wa nyumbani simwoni tena. Nimemtafuta tangu waniambie ameibwa, simwoni."

Nililia pale uani mbele ya redieta, wala sioni haya kuliandika.

Rukala tulifika jioni. Binti yao, Ajiambo, ndiye aliyebaki kwenye boma jipya walilojenga mbali kidogo na mto. Alitupa maji, akasubiri tunywe, ndipo akafungua khanga. Aliugeuza ule mkono mara mbili.

"Baba, huu si mkono wa mama," akasema. "Mama alikosa hiki kidole cha pili. Alikikata na panga akivuna mafunjo. Mimi ndiye nilimfunga kitambaa."

Mzee alitazama chini. "Nilimrudishia," akasema.

Nikamkumbuka yule babu wa Alupe, na sikuthubutu kumtazama mwalimu wangu usoni. Ajiambo hakumlaumu. Alisema tu kwamba amechoka kuulizwa kaburi la mama yake liko wapi, na amechoka kuwaambia watu waende Malaba wakamwone kwenye foleni ya malori. "Mimi nataka kumlilia, baba. Niache nimlilie."

Mzee akakubali. Ukoo ukaitwa. Nikajitia ujuaji tena, nikapendekeza tuuzike ule mkono badala ya mgomba, maana angalau ulifanana na mtu. Mzee alinitazama kwa huruma, kama zamani nilipokuwa nikimwaga shaba chini kwa makosa.

"Watafukua," akasema. "Kabla ya mwezi kuisha watafukua. Mgomba hakuna atakayeuiba."

Walilikata shina asubuhi, likiwa bado linachuruzika maji. Wanawake walilivisha shuka, wakalilaza, na Ajiambo akaanguka juu yake akilia kwa sauti ambayo nadhani aliibeba kifuani tangu mafuriko yale. Wengine wakampokea. Mmoja alimtaja Nabwire aliyecheka hadi akamwaga uji, mwingine Nabwire mchoyo wa chumvi, mwingine Nabwire asiye na kidole ambaye bado aliwashinda wote kusuka mikeka. Mzee alikuwa akiwasikiliza. Zamu yake ilipofika alishika udongo akasema, "Nabwire, nimekusimamisha barabarani miaka mingi, jua lako, mvua yako. Lala sasa."

Ajiambo hakuutaka ule mkono. Siku ya kuondoka kwangu Mzee aliutia kwenye mkoba wangu. "Kauyeyushe wewe," akasema. "Nikiuyeyusha mimi nitajaribu tena."

Nimeuyeyusha. Wanafunzi walisimama kuzunguka tanuri wakitazama vidole vikilegea, na haikuchukua muda. Walikuwa wamezoea kunisikia nikijigamba kwamba shaba hutunza wafu kuliko udongo. Wiki hiyohiyo mteja mmoja alikuja kuagiza sanamu ya mwanawe aliyepotea ziwani, akaniuliza itachukua muda gani. Nilimuuliza kama wameshamzika. Akasema bado, mwili haujaonekana. Nikamwambia arudi nyumbani wakamzike kwanza.