Dawa Ndani ya Kuku ya Mahari

Mucheke tu, ndugu zangu, mi nilishazoea, sababu hata leo nikipita sokoni kuna mama moja wa samaki ananiita Papa Dawa mbele ya batu bote, na haya inanipanda mpaka kwenye masikio.

Ilikuwa wakati ya vita. Mashua ya Kinshasa haikupanda tena muto, dawa ya kuku ya kizungu ikakosekana, bon, mi nikaanza kuchanganya chakula ya kuku yangu ya nyama na majani ya mupapai, tunguu saumu na pilipili ya kuponda, nyingi (kuku haisikie pilipili hata kidogo, mulijua?), na ikanona vizuri kabisa mpaka nikasema ndiyo hii nitapeleka kwa bokilo, baba mukwe yangu, baba ya Mado muchumba yangu, maana mbuzi ilikuwa imekwisha katika muji na yeye alisema bila nyama ya mahari hakuna ndoa.

Nikafika na kuku, na kifuko ya chakula yake ya kuilisha mpaka siku ya ndoa. Parcelle, kiwanja ya nyumba yao, ilijaa batu. Baba ya Mado akainua kuku moja, akauliza namna gani inanona hivi wakati batu banakonda. Mi, kwa kujitapa:

"Papa, iko na dawa ya miti. Siri yangu."

Mi nilifikiria tunguu saumu, bo balisikia uganga. Tonton Faustin, ndugu ya baba, akaachilia chini kuku ile alikuwa ameshika, na shangazi akamuvuta Mado nyuma, ati huyu anatuletea fétiche, dawa ya uchawi, ndani ya mahari, tukule, tulale, achukue mutoto bure.

Alors, badala ya kueleza polepole, nikachota mukono muzima katika ile kifuko, nikajaza kinywa, baone ni chakula tu. (Mi siko kuku.) Machozi, kamasi, sauti ikafunga. Baba akasimama mbele yangu.

"Uliloga mutoto yangu, ndiyo ao hapana?"

Nilitaka kusema hapana, lakini kikohozi ikanitikisa kichwa juu na chini, juu na chini, na bote bakaona nimekubali. Mi nikajua: Mado ameniponyoka.

Ni yeye mwenyewe alijitoa mukononi mwa shangazi, akachovya kidole katika kifuko, akalamba, akatema, akacheka mpaka akakaa chini.

"Papa, ni pilipili. Mutu mwenye dawa hawezi kuwa mujinga hivi."

Baba akakubali, lakini kuku ya kwanza ipikwe palepale, niikule mi mbele yao. Nikakula. Sikusikia ladha yoyote, ulimi ilikuwa imekufa.

Tangu siku ile, mutu akiniuliza ninapatia kuku yangu nini, ninajibu: chakula. Na Mado, muke yangu, anageuka pembeni kucheka.