Mwiba Usiokuwepo

Nilipokuwa mtoto, kabla ya vita, sikuogopa kitu chochote cha majini. Nyumba yetu ya Baraka, mji wa Kongo kando ya Tanganyika, ilikuwa karibu na ziwa kiasi cha kusikia wavuvi wakigombana juu ya ndagala, dagaa wa kwetu, na nilijua kuogelea kabla sijajua kufunga vifungo vya gauni langu. Nasema hivi ili mnielewe: sikuzaliwa na woga.

Vita ya kwanza ilipofika, mama yangu na mimi tulikimbia kwa boti kuelekea Tanzania. Boti ikipita ncha ya Ubwari, ile rasi ya milima, bamama wa kwetu hutupa majini unga kidogo wa muhogo, kwa heshima ya wenye ziwa, yaani mizimu yake, ili wakuache upite na roho yako yote. Walifanya hivyo Wakatoliki na Waprotestanti, hata wale ambao Jumapili wangekuapia kwamba hawaamini mambo hayo. Siku ile hakuna aliyekuwa na unga. Tulitoka na nguo za mwilini tu, risasi zikilia nyuma yetu, mashine ya boti ikizimika na kuwaka, ikizimika na kuwaka. Tulipita ncha mikono mitupu, na mama akaniambia nisitazame maji.

Mama alifia kambini, kwa homa. Kulipotulia kidogo, watu wa kwetu walinirudisha Baraka kwa njia ya barabara, wakanikabidhi kwa mama yake mama, ambaye sote tulimwita Koko.

Asubuhi moja nilikuwa ufukweni na wasichana wa jirani, tukisugua sufuria kwa mchanga. Mvuvi mmoja akavuta kamba ya mashine ya boti yake, ikawaka. Basi! Moyo ukaanza kunidunda mpaka nikaona gauni likiruka. Vidole vikafa ganzi, pumzi ikakataa kuingia, nikajikojolea mbele ya wenzangu. Nilikuwa na hakika kwamba nakufa. Sufuria ya Koko ikaenda na maji.

Jirani yetu, Mama Sifa, ndiye aliyelitamka neno.

"Huyu mutoto, ziwa ilisha kumushika roho. Mwili tu ndiyo ilirudia."

Na ilisemekana kwamba mtu wa namna hiyo huvuta wengine: ukizoeana naye, ziwa litakuja kukuchukua na wewe. Wasichana wakaanza kwenda kuchota maji bila kunipitia. Shuleni hakuna aliyekaa tena kwenye benchi langu. Laiti wangenichukia, ningegombana nao yakaisha, lakini waliniogopa. Moyo nao haukuniacha: sokoni, kanisani, hata nikiwa nachambua maharage. Mwishowe niliacha shule, nikawa nashinda nyuma ya mlango peke yangu. Sijawahi tena kuwa mpweke kama nilivyokuwa nyuma ya mlango ule, na upweke naujua vizuri.

"Nitakuita," Koko akaniambia. "Roho yako itarudia ku nyumba, na we utarudia ku masomo."

Kuitwa ilikuwa hivi. Mkubwa wako anakupeleka ufukweni mchana, anatupa unga majini, anakuita kwa jina lako. Wewe unapanda kwenda nyumbani bila kugeuka, roho inakufuata. Ukifika mlangoni, lazima awepo mtu ndani wa kuitika kwa niaba yako: "Iko hapa!" Ukikuta nyumba kimya, roho inadhani imepotea nyumba, inarudi majini, na haiitwi tena.

Kwetu tulikuwa wawili tu. Koko alikwenda kwa Mama Sifa, nami niliwasikia kupitia uzio.

"Ni kuitika tu, mama. Neno moja."

"Koko, unihurumie. Mi niko na batoto."

Wengine wote aliowaendea walikuwa na safari ya shambani siku hiyohiyo. Ajabu ya mashamba!

Tulipofika ufukweni nilimuuliza Koko nani ataitika.

"We tembea," akasema. "Polepole. Usigeuke. Mwenye kuitika iko."

Akatupa unga. "Faida! Faida wangu, rudia ku nyumba!"

Nikaanza kupanda. Njia yetu ilizunguka shamba la muhogo, na nilipofika nusu nikasikia majani yakivunjika pembeni, na mtu akihema. Sikugeuka, lakini macho hayana adabu. Niliona kikwembe, kitenge cha bluu, kikipita kati ya mihogo. Mawe, mama wee! Koko, ambaye kwa ajili ya goti lake alipanda ngazi za kanisa kwa kushikwa mkono, alikuwa anakimbia, kandambili amezibeba.

Ndipo nilipojua kwamba nyumbani hakuna mtu. Nikaona pia kwamba kwa mwendo wangu nitafika kabla yake. Basi nikaketi katikati ya njia, nikashika wayo wangu, nikaanza kutoa mwiba. Mwiba haukuwepo. Niliutoa kwa bidii, uso nimeukunja, moyo ukinidunda, mpaka mihogo ikaacha kutikisika. Kisha nikainuka.

Nilisimama mlangoni. Ndani kulikuwa na mtu anayetafuta pumzi.

"Iko hapa!" Koko akaitika. "Iko hapa, alisha kufika!"

Mchana ule tulikula pamoja. Alikuwa na jani la muhogo kwenye nywele, na sikumwambia.

Nilipona? Hapana. Hali ile ilinirudia wiki hiyohiyo. Lakini kila iliponishika, Koko aliitika kutoka popote alipokuwa, jikoni au uani, "Iko hapa!", na kwa nguvu ya neno hilo nilirudi shule. Wasichana wachache walinirudia, wengi hapana. Vita iliyofuata ilitukimbiza hadi Kilembwe, mbali na ziwa, huko nikamzika Koko, kisha nikarudi Baraka.

Nilikuwa mtu mzima nilipompata muuguzi mmoja wa hospitali ya Nundu aliyenisikiliza hadi mwisho. Akapima moyo wangu, akasema ni mzima.

"Mama, hii ni ugonjwa ya wasiwasi. Mwili yako haiyajua kama vita ilisha. Ikikushika, usikimbie. Ukae pale, upumue polepole, itapita."

Nilicheka mpaka akashangaa. Nilikuwa nafikiria mwiba.

Kujua jina la ugonjwa kumenisaidia, lakini hakujauondoa. Sijapanda boti tena. Binamu yangu ameolewa Ubwari, ng'ambo ya ghuba, milima ya kwake naiona nikiwa uani, na sijawahi kumbeba hata mtoto wake mmoja. Kanisani nakaa karibu na mlango. Mume wangu alichoka kunisubiri nje ya soko, akaenda zake. Simlaumu sana, ila kidogo namlaumu.

Bado naishi karibu na ziwa, peke yangu. Asubuhi boti zikiwashwa, kuna siku moyo unaanza. Naketi chini palepale, nashika wayo wangu, natoa mwiba. Wapita njia wananiuliza, "Faida, ulichomwa?" Nawajibu ndiyo. Nautoa taratibu, nampa muda yule mwenye kuitika. Siku hizi ni mimi mwenyewe, na goti langu nalo limeanza kuuma. Nikisikia pumzi imefika, naitika kwa sauti, hata kama hakuna wa kunisikia.

"Iko hapa."