Kidonge cha Kila Ijumaa

Mama alianza kulalamika mifupa baada ya Ramadhani. Magoti, kiuno, hata mbavu. Akipanda ngazi za nyumba yetu ya Mji Mkongwe ilibidi apumzike katikati, mkono ukutani. Nikampeleka hospitali, akapimwa damu, daktari akatuambia vitamini D yake iko chini sana.

"Na jua lote hili la Unguja?" Mama akashangaa.

"Jua lipo, Bi mkubwa, lakini wewe halikupati."

Kweli. Nyumba yetu ina giza hata mchana, na Mama akitoka hujifunika gubigubi. Akaandikiwa vidonge vikali: kimoja kwa wiki, kila Ijumaa, kwa miezi miwili, kisha arudi kupimwa. Maumivu yakapungua, nami nikashukuru.

Halafu ikamshika kiu. Akishusha kikombe cha maji anataka kingine. Choo kikafunga, chakula kikawa hakikai tumboni. Asubuhi moja nikampelekea chai. Akanitazama kwa adabu, ile adabu ya mtu na mgeni, akaniuliza, "Samahani Bi, mwanangu umemwona?"

Nikaiweka chai chini. "Mama, ni mimi."

Akatabasamu tu, kama anayeniridhisha.

Nilidhani ni kiharusi. Majirani wakamteremsha ngazi juu ya kiti, wakambeba hivyo hivyo kichochoroni mpaka kwenye gari. Hospitali tukamkuta daktari yule yule.

"Anatumia dawa gani?"

"Ile ya vitamini tu."

"Nenda kaniletee kila dawa iliyomo chumbani mwake."

Nilirudi mbio huku nikisoma Ayatul Kursi, nakosea, naanza upya. Chini ya mto wake nikakuta mfuko wa nailoni umejaa pakiti za vidonge vile vya Ijumaa. Zote tupu. Nyingi mno.

Daktari alizipekua moja moja, akazihesabu. Kisha akanieleza: vitamini hii haitoki upesi na mkojo kama nyingine, mwili huiweka. Ikizidi, kalsiamu hupanda kwenye damu, mtu akachanganyikiwa, na figo zikaumia.

"Atapona?"

"Tunamtundikia maji. Tusubiri figo."

Nilitaka aseme ndiyo. Hakusema. Nikakaa pembeni mwa kitanda, nimeshika mguu wa Mama, nautazama mfuko wa mkojo kuona kama unajaa, na kila muuguzi akikaribia nasimama.

Fahamu zilimrudia kidogo kidogo. Siku aliyonitambua aliniambia, "Mbona umekonda hivyo, mwanangu?" Nikalia mbele za watu. Baadaye nikamuuliza habari ya vidonge.

"Nilipata nafuu kwa kimoja," akasema. "Nikaona nikinywa kila siku ntapona upesi. Nikawa nnaagizia duka la dawa, kule sokoni Darajani, wananiletea."

Vidonge vilisimamishwa. Figo zilipona, lakini kiwango cha vitamini kwenye damu kilichukua miezi kushuka, na kila tulipofuata majibu nilikuwa siwezi kuifungua bahasha mwenyewe.

Mwezi uliopita majibu yalitoka mazuri. Daktari akasema Mama anaweza kuanza tena vidonge, dozi ndogo ya kulinda mifupa, na damu ipimwe kila baada ya muda. Mama akafurahi. Mimi nikamwomba daktari arudie: kiasi gani, lini, mpaka lini. Akarudia taratibu. Nikamwomba tena.