Kuku Mmoja kwa Wagonjwa Wawili

Nikikumbuka siku ile pale Tinde, mwanangu, moyo bado unanidunda kwa furaha. Ilikuwa miaka ya sabini, nami nilikuwa msichana. Dada yangu Kabula alianza ghafla kuongea na watu tusiowaona, akavua nguo hadharani, akamkataa mtoto wake mchanga. Mjomba wetu Masanja naye alikuwa akisikia sauti tangu ujana wake, na tulizoea kumwona amefungwa kamba. Basi ukoo ukasema ugonjwa ni ule ule. Mfumu, mganga wetu wa ramli, akapasua kuku mmoja kwa ajili ya wote wawili, akasoma utumbo wake, akasema ni mizimu. Baba akaamua Kabula naye afungwe kamba, na mtoto apelekwe kwa wakwe.

Mama hakukubali. Tulimlaza Kabula kwenye mkokoteni wa ng'ombe, tukampeleka hadi kituo cha afya cha Tinde. Bwana maabara alimtoboa kidole, akainamia hadubini, kisha akaniita nitazame. Nikawaona wadudu wenyewe, mwanangu, kwa macho yangu haya. Malaria ilikuwa imempanda kichwani. Akatundikiwa dripu ya kwinini, na baada ya siku chache akafumbua macho akauliza, "Nani kanisuka vibaya hivi? Nileteeni mwanangu."

Nilicheka huku nalia. Nikakimbia kumleta mjomba, nikijua sasa dawa imepatikana. Lakini bwana maabara alipompima naye, akasema haoni wadudu; damu yake ilikuwa safi.

"Basi haumwi," nikasema. "Anatuigizia tu."

Bwana maabara, ambaye mama alikuwa amemsimulia habari za mfumu na kuku wake, akavua miwani. "Kumbe na wewe, binti, unapasua kuku mmoja kwa watu wawili. Nimesema sikuona wadudu. Sikusema haumwi."

Akampeleka kwa daktari, naye akamsikiliza kwa muda mrefu, akampa dawa kwa kufuata dalili zake. Masika yaliyofuata mjomba alichunga ng'ombe wake mwenyewe, mikono yake bila kamba, na mimi niliruka kama ndama.

Sasa wewe unakwenda kusomea udaktari. Dalili zikifanana, usiseme upesi kwamba ugonjwa ni mmoja. Tafuta kwenye damu. Damu isiposema kitu, usimwite mgonjwa mwongo. Nasikia wataalamu bado wanaitafuta alama ya ugonjwa wa mjomba mwilini, na natamani uwe wewe utakayeniita nitazame.

Mungu akupe macho makali na masikio yenye subira. Na ukimkuta mtu amefungwa kamba, mfungue kwanza, ndipo umpime.