Toba ya Mtu Asiyekunywa

Mzee wa kanisa letu katika mtaa wa Namuwongo alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko kuomba: kunusa watu midomo. Kila Jumapili alisimama mlangoni mwa lile jengo la mabati karibu na reli, akawakumbatia wanaume mmoja mmoja kwa upendo mwingi wa Kikristo, na kila aliyekumbatiwa alijua pua inatafuta nini. Pua yenyewe ilikuwa na mafua mwaka mzima. Sijui kama iliwahi kunusa kitu zaidi ya kamasi zake, lakini ndiyo iliyoamua nani ashiriki meza ya Bwana na nani akakae benchi la nyuma pamoja na waliotengwa.

Mdogo wangu hakuwahi kugusa pombe. Nasema hivyo kwa sababu nilimlea mimi, tangu tulipovuka mpaka kutoka Kongo tukiwa yatima, na tuliishi chumba kimoja mpaka mimi nikawa mwanamke mzima na yeye akaota ndevu. Alikuwa fundi cherehani, ananyoosha suruali za watu kwa pasi ya makaa, na jioni anakwenda mazoezi ya kwaya. Katika kwaya ya sauti nne, yeye peke yake aliimba ya nne, ile nzito ya chini. Maneno hakuwa nayo mengi. Ukitaka kumsikia vizuri, ulingoja Jumapili.

Kisha tumbo likaanza kuvimba. Macho yakawa ya manjano, na kutoka dukani hadi nyumbani ikabidi apumzike njiani kama kikongwe. Nilimpeleka hospitali moja mjini. Daktari alikuwa amevaa koti lililopigwa pasi kwa uangalifu mwingi kuliko ule aliotumia kumpima mgonjwa. Alibonyeza tumbo mara moja, akaegemea kiti chake.

"Ssebo, bwana, wewe nakunywa waragi ngapi kwa siku?"

"Mimi sikunywaka pombe, dokta. Hata siku moja."

"Bonna, watu yote, nasema hivyo," akacheka. "Lakini hii ini nasema kitu ingine."

Akatuambia mgonjwa aache pombe kwanza, ndipo arudi. Kuhusu pumzi hakuuliza neno. Nadhani kwa hesabu zake mlevi hana mapafu.

Mtaa wetu haukai na habari. Jumapili iliyofuata mzee wa kanisa alimkumbatia mdogo wangu muda mrefu kuliko kawaida. Tumbo kubwa, macho ya manjano, na daktari mwenyewe amesema: pua ilikuwa imepata mashahidi. Akatengwa, joho la kwaya likachukuliwa. Akawa anakaa benchi la nyuma mdomo umefungwa, wenzake wakiimba, na kidole chake kikigonga goti kufuata mapigo ya wimbo. Nilikuwa nikikitazama kidole kile na hasira inanipanda.

Siku moja akanijia nyumbani.

"Yaya," akasema, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa kwetu, "nitaenda kutubu."

"Utubu nini? Umekosa nini wewe?"

"Ile yenye banataka. Pumuzi inaisha, yaya. Nataka kuimba na ile yenye imebakia."

Nilimwambia huo ni ujinga, na nikasema kwa sauti ya kusikiwa na majirani. Jumapili alisimama mbele ya kanisa, kama ilivyo desturi yetu, akaungama kwamba amekuwa akinywa kwa siri. Mzee akaitikia amina kabla ya wote. Wakamuuliza pombe gani. Maskini, hata jina alilolitaja daktari hakulishika. Akasema, "Ile nyeupe." Watu wakalia, wakapiga vigelegele, wakamwekea mikono, wakamvika joho. Sijawahi kuona watu wakifurahia ulevi wa mtu kiasi kile.

Angeachwa hivyo, labda angeimba mpaka mwisho. Mimi ndiye niliyeendelea kumtafutia tiba, na sijutii. Katika zahanati nyingine tukampata daktari kijana, mwanamke, ambaye alifanya jambo la ajabu sana: aliuliza maswali. Aliuliza pumzi ilianza kukata lini, na baba na mama walikufa na nini. Akatueleza kwamba ini hutengeneza protini fulani inayokwenda kulinda mapafu. Wapo watu ambao protini hiyo hutengenezwa vibaya, ikanasa kwenye ini. Ini linaumia kwa kujaa, na mapafu yanaumia kwa kukosa mlinzi. Mtu huzaliwa na kasoro hiyo, akiipokea kwa baba na kwa mama. Damu ingepelekwa ng'ambo kupimwa. Yule daktari wa kwanza aliposikia, akasema hiyo ni ugonjwa ya bazungu, kana kwamba ini huomba pasipoti.

Majibu yalirudi. Protini ilikuwa haba mno, na kasoro ilitoka pande zote mbili. Nami nilipimwa: nimerithi upande mmoja tu, ndiyo maana natembea. Daktari alisema dawa ya kurudisha protini hiyo hapa kwetu haipo, ila pasi ya makaa aiache leo hii, moshi unayamaliza mapafu. Nikamuuliza kama ni pombe. Akasema si pombe. Nikamwomba aseme tena, kwa utamu wake tu.

Moja kwa moja nikaenda kwa mzee wa kanisa, kifua mbele, nikamweleza yote. Alinisikiliza, akapangusa pua.

"Kwa hiyo, mama, hakukunywaka?"

"Hata tone."

"Basi alidanganya kanisa. Mbele ya mazabahu."

Akatengwa mara ya pili, kwa uongo. Na adhabu ya uongo ikawa ndefu kuliko ya ulevi, maana ulevi, alinieleza kwa upole kabisa, ni udhaifu wa mwili, bali uongo ni ubaya wa moyo. Sikumbuki yote niliyomjibu. Nakumbuka wake za mashemasi wakinishika mikono kunitoa nje. Nilimchukia mtu yule, namchukia hadi leo, na toba ya chuki hiyo wasiingoje kwangu.

Mdogo wangu hakulalamika. Mvua zilikuja, zikaisha, akiwa benchi la nyuma. Mabega yalikuwa yakipanda na kushuka kwa kila pumzi, na kidole hakikugonga tena goti.

Siku ya kurudishwa alisimama mbele akiwa ameshika mgongo wa kiti.

"Nilidanganya," akasema. "Nilisema nakunywaka..."

Pumzi ikakata. Akajaribu tena, ikakata. Mzee akamsogelea kumshika bega asianguke, na pale pale, mbele ya kanisa zima, kwa mazoea tu, akamnusa mdomo.

Wakamvika joho. Kwaya ikasimama, ikaanza wimbo aliokuwa akiupenda tangu ujana wake. Niliona mdomo wake ukifunguka na kufungwa pamoja na wenzake, mishipa ya shingo imesimama. Nikaondoka nilipokaa, nikasogea benchi kwa benchi mpaka la mbele kabisa, nikatega sikio. Sauti tatu zilisikika vizuri sana.