Shibiri Moja Hadi Perth

Kaka yangu alifanya kazi miaka miwili na wataalamu wa miamba waliofuata dhahabu Nyamongo, kisha wakampeleka Perth, Australia, kusomea uchimbaji. Mama alipoanza kulia, kaka alichukua atlasi yangu ya shule, akapiga mstari wa penseli toka Dar es Salaam hadi Perth, akaweka mkono juu yake: kidole gumba Dar, kidole cha mwisho Perth.

"Ona, mama. Shibiri moja tu."

Mama akacheka, nami nikaitunza ile atlasi kama cheti.

Miaka mitatu baadaye, Jumatatu moja, baba alifariki. Nyumbani kwetu Kerende, Tarime, mtoto wa kwanza ndiye anayetupa udongo wa kwanza kaburini. Kaka alipiga simu, akasema amepata ndege ya Jumatano asubuhi, akalia, simu ikakatika. Hatukumpata tena.

Baba mdogo akaniuliza mimi, msomi wa kidato cha tatu, ndege itatumia muda gani. Nilifurahi kuulizwa, nakiri, hata siku ya msiba. Nikanyoosha uzi juu ya mstari wa kaka, nikapata kilomita zaidi ya elfu nane, nikagawa kwa mwendo wa ndege, nikatangaza: masaa kumi, Jumatano jioni ametua. Alhamisi atapanda basi Dar, Ijumaa alfajiri yuko Tarime. Wazee wakapanga mazishi Ijumaa saa nane mchana.

Mmoja wa wachimbaji waliojitolea kuchimba kaburi, mtu wa Iringa, aliniuliza kama hiyo ndege inakuja moja kwa moja. Yeye kutoka kwao hadi huku alibadilisha basi mara tatu. Nikamjibu kwamba angani hakuna stendi.

Ijumaa tulingoja mpaka saa kumi. Wageni wa Natta na Kenyamonta walikuwa na safari. Baba mdogo akasema ngoja ngoja huumiza matumbo, akatupa udongo yeye. Mimi sikutazama kaburi, nilitazama barabara, na moyoni nilijua kosa ni langu.

Kaka alifika Jumamosi asubuhi. Ndege ilimpeleka kwanza Dubai, akangoja huko kwenye benchi, akatua Dar Alhamisi mchana, laini yake ya simu haishiki huku, mabasi yameshaondoka, akapanda la Ijumaa. Alisimama mbele ya udongo uliokwisha kukauka, akauliza taratibu ni nani aliyewaambia atawahi Ijumaa.

Kabla sijafungua mdomo, mama aliingia ndani, akarudi na atlasi, akamfunulia ukurasa.

"Tulipima mstari wako, mwanangu."

Nikasema hesabu niliifanya mimi. Hakuna aliyegeuka. Kaka alichuchumaa, akaweka mkono juu ya karatasi, kidole gumba Dar, kidole cha mwisho Perth. Ulitosha vilevile kama siku ile, na hapo ndipo alipolia.