Bipu ya Tatu

Baba yangu hakuwa mtu wa kupiga simu, alikuwa anabipu. Kule Kitaya mtandao ulishika juu ya kichuguu kimoja tu, nyuma ya shamba letu la mpunga, na mzee alikipanda kila asubuhi na goti lake bovu. Mapatano yetu yalikuwa haya: bipu moja, tumeamka salama. Mbili, nipigie ukipata nafasi. Tatu, acha kila kitu, piga sasa hivi.

Mimi nilikuwa ng'ambo, maabara, nikisumbuana na vijiwe vya bismathi na seleniamu. Vitu vya ajabu hivyo: umeme hupendelea kupita juu ya uso wake kuliko ndani. Ukichomeka shaba kidogo baina ya matabaka yake, kisha ukivipoza mno, huenda umeme ukapita bila kipingamizi chochote. Huenda! Mwaka mzima vyangu vilinigomea. Kumbe siri ni kutoa neli ya kioo yenye kijiwe ndani tanuruni ingali ya moto na kuitumbukiza hapo hapo kwenye maji baridi. Ukizubaa, kazi bure.

Siku hiyo nimeshika koleo, simu ikalia mfukoni, ikakatika. Ikalia tena. Nikasema, ngoja kidogo, mzee wangu. Nikatumbukiza neli, maji yakalia chwaaa, na ndani ya kelele ile simu ikalia mara ya tatu.

Niliisikia. Wallahi, niliisikia.

Lakini zamu yangu ya heliamu, ile ya kupozea, ilikuwa siku ile ile, na kijiwe hakitaki hewa. Nikakifunga nyaya, nikakishusha kwenye baridi. Jioni mstari wa kipingamizi kwenye kompyuta ukaporomoka hadi sifuri. Nikapiga vigelegele peke yangu kama mwehu, ndipo nikapiga Kitaya.

Akapokea mdogo wangu. "Dada, baba ametutoka adhuhuri. Alitaka kukusikia, tukambeba mpaka huku kichuguuni. Tukangoja, dada. Kwani zilifika ngapi?"

"Mbili," nikasema.

Sasa nafundisha Mtwara, nakaa Mtawanya. Kila asubuhi namba ya baba hunibipu mara moja. Simu anayo mdogo wangu. Nasimama jikoni na sufuria mkononi, nahesabu.

Siku ya arobaini alinishika mkono. "Usijilaumu, dada yangu, mtandao wetu ndio huu. Kwa jambo zito sasa tubipu mara nne, ili moja ikipotea njiani, zikufikie tatu."